Kundi Lenye Ukucha

Machi 3

Wifi Miwani,

Barua yako imefika salama, na mistari ya Mama mkiani mwake. Mistari minne. Mitatu inakusifu wewe: umempeleka kwa daktari wa macho, umempakia rangi chumba chake, umemwachisha kaka yangu kulala na viatu. Wa nne unauliza kama mimi nakula. Mwambie nakula. Mwanawe wa kumzaa anakula.

Usinune, natania. Jina la Pilipili sikupewa bure, na wewe ndiye uliyenipa, kule chuoni, siku nilipogombana na mwalimu wa maabara. Mimi nikakupa Miwani kwa hayo machupa uliyobandika usoni. Tumebaki na majina, vyeti wengine wameshavipoteza.

Mama nikimpigia anasema sauti yangu inakatika. Ujumbe wa simu anasema haushikiki mkononi. Basi tuendelee hivi hivi kama watu wa zamani: mimi niandike, wewe umsomee kinachosomeka, naye akuamuru cha kujibu.

Umeniuliza habari za kazi. Jamani, unajua haturuhusiwi. Wewe mtafutaji, unakaa mbele ya picha za anga kutafuta makundi ya galaksi yaliyo mbali kuliko yote. Mimi mpandaji, nimetupwa mji mwingine kabisa kutengeneza makundi ya bandia na kuyapenyeza kwenye picha zile zile, ili ijulikane macho yenu yanaona nini na yanapitwa na nini. Mbegu zangu nikishazimaliza, Mtunza Sanduku anazimwaga mahali anapopajua yeye peke yake, orodha anaifungia sandukuni, na hakuna kufungua mpaka Juni. Kwa hiyo habari ninayoweza kukupa ni kwamba kiti changu kina mguu mbovu na feni inampulizia mwenzangu tu.

Silalamiki. Tuliomba nafasi moja ya utafutaji sisi wawili, wakakupa wewe. Mimi wakaniambia nina mkono mzuri wa kutengeneza. Haya, sawa. Wewe uone, mimi nitengeneze cha kuonwa.

Msalimie kaka yangu. Mwambie na yeye anajua kuandika.

Wifi yako,
Pilipili

Machi 21

Wifi yangu Pilipili,

Nimemsomea Mama barua yote isipokuwa pale pa “mwanawe wa kumzaa”. Nikapapita kimya kimya, naye akauliza, “Mbona umemeza hapo katikati?” Macho yamepungua, lakini masikio bado yako kazini.

Sasa ngoja nikwambie. Nilikusudia kunyamaza kama kanuni inavyotaka, lakini Mama amesimama nyuma ya kiti changu, anasema, “Mtumie mwenzio picha aone. Tangu lini ndugu wakafichana?” Basi nimeichapisha, imo ndani ya bahasha.

Mwanzoni mwa mwezi nilikuwa napitia vile vipande vya anga ambavyo kompyuta imevipa alama za chini, ambavyo wenzangu huviruka wakaenda kunywa chai. Si unajua: madoa, madoa, halafu nyota moja ya karibu inang’aa na kuharibu kila kitu, halafu madoa. Nikaona doa jekundu. Likafuata jingine la wekundu ule ule. Halafu mengine, yote rangi moja, yamesongamana kama watu waliojikinga mvua kwenye kibaraza kimoja. Wifi, niliacha kipanya nikasimama. Na pembeni utauona mchirizi uliopinda, mwembamba kama ukucha uliokatwa. Hiyo ni galaksi iliyo nyuma zaidi, uzito wa kundi umeupinda mwanga wake. Kama ni kweli, mwanga huo ulianza safari kabla dunia yetu hii haijakuwapo. Kikundi chetu hakijawahi kupata la mbali hivyo.

Mkuu wa kikundi chetu alisita. Alisema huenda nimeokota mbegu. Lakini darubini kubwa ya mlimani imetupa usiku mmoja tu mwaka huu, nao ni Mei, na sanduku ni Juni, hakuna cha kungoja. Darubini ile haichezi: inaupasua mwanga rangi kwa rangi na kukwambia umbali. Mbegu imo ndani ya picha tu, mbinguni haipo, kwa hiyo kama nimekosea itakuta giza tupu. Mkuu amenipa usiku huo. Amesema nikirudi na kitu, mkataba wangu unaongezwa na utafutaji wote nitauongoza mimi. Nikirudi mikono mitupu, hatakuwa na la kunitetea. Na mkataba unaisha mwezi wa saba.

Usinijibu lolote juu ya picha, najua huwezi. Itazame tu, ufurahi nami.

Mama anasema: “Wifi yako ana akili huyu, kaka yako alipata mke. Kutwa yuko kwenye kompyuta na bado sufuria zangu zinang’aa. Wewe vaa soksi.”

Wifi yako,
Miwani

Aprili 4

Wifi,

Hongera.

Picha nimeibandika ukutani mbele ya meza yangu. Mwenzangu ameuliza ni nini, nimemwambia ni picha ya familia.

Ukucha huo nimeutazama sana, kuliko unavyodhani. Mzuri kweli. Aliyeutengeneza, nasema Mungu, ana mkono.

Usiku wako wa mlimani ni tarehe ngapi? Nijulishe, nikuombee.

Mama mwambie soksi nimevaa. Mwambie pia kwamba Mtunza Sanduku, mtu asiyesifu hata chakula cha mkewe, amesema hajawahi kuona mbegu kama zangu. Niliandika hayo hata mwaka jana. Ama hukumsomea, ama alisikia akaona si kitu cha kujibiwa.

Pilipili

Aprili 18

Wifi yangu,

Asante kwa hongera, ingawa ilikuwa fupi. Kaka yako alisema, “Ukiona Pilipili anaandika kifupi, ujue kafurahi sana au kakasirika sana.” Nimechagua la kwanza.

Usiku wangu ni Mei 9. Nitaondoka tarehe 6. Kaka yako kila siku ananiuliza kama kule juu kuna hewa ya kutosha, na jana nimemkuta ananifunga begi wakati siku bado. Mama ndiyo usiseme. Amewatangazia majirani wote kwamba mkwe wake anakwenda kupima mbingu. Mama wa nyumba ya pili amekuja kuniomba nikirudi nimpimie na kiwanja chake, ana kesi ya mpaka.

Mama amelitoa sandukuni koti lako la kijani, lile la sufu, akasema mlimani kuna baridi. Nilikataa, Wifi, naapa. Akasema, “Mwenyewe hana haja nalo, yuko mji wa joto.” Mikono imenizidi kidogo, tumeikunja tukaitia uzi.

Kuna kitu kimoja kinanikosesha usingizi, na nakwambia wewe tu. Je, kama ni mbegu? Usiku umepotea, mkataba umepotea, na Mkuu atasimama mbele ya watu kusema Miwani hana miwani. Ukinyamaza nitakuelewa, ndiyo kanuni. Ila ukinyamaza huku unajua... Hapana. Nisamehe, sikupaswa kuandika hivyo. Ningechana karatasi hii lakini Mama anangoja bahasha.

Mama anasema: “Koti limemkaa wifi yako kama limeshonwa kwa ajili yake.”

Miwani

Aprili 27

Miwani,

Koti langu!

Koti nililonunua kwa posho yangu ya kwanza. Nililolivaa siku tuliyomzika Baba, mvua ikinyesha, Mama akaingiza mkono wake mfukoni mwangu kwa baridi. Leo analitoa kama kitambaa cha kufutia meza? “Mwenyewe hana haja nalo”? Nani alimuuliza mwenyewe?

Nilikualika chakula cha mchana. Cha siku moja! Kwa sababu bwenini maji yalikuwa yamekatika. Ukala, ukaosha vyombo, Mama akasema, “Huyu binti ana mikono.” Ukabaki na kaka yangu. Ukabaki na kazi tuliyoiomba wote. Sasa umebaki na mama yangu na koti langu, na mmelitia uzi. Mimi nimebaki na soksi.

Naona wivu. Haya, nimesema. Nakuonea wivu mpaka nikiuona mwandiko wako kwenye bahasha naigeuza kifudifudi mezani.

Sasa sikiliza. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, na wala si kwa sababu ya kanuni, kanuni ilikuwa kisingizio. Nilitaka uende. Nilitaka ufike mlimani umevaa koti langu, uielekeze hiyo darubini yako, ukute giza. Nimekula na kulala na raha hiyo tangu bahasha ile ifike. Lakini umeniuliza, nami si shetani kiasi hicho. Au pengine nimeona kukwambia kutaniburudisha zaidi. Chagua mwenyewe.

Kundi lile ni langu. Nimelitengeneza mimi. Ukucha ndiyo alama yangu: kila mbegu yangu nzuri naiwekea mmoja, nachukua galaksi, nainyoosha, naipinda, naififisha mpaka inakaa kama ya kweli. Wapandaji wengine wanamwaga madoa tu wakaenda zao. Niliujua mkono wangu pale pale nilipofungua bahasha. Mtu hapotei kwenye kazi yake.

Umeipenda kazi yangu, Miwani. Uliacha kipanya ukasimama. Ndiyo mara ya kwanza umenisifu, na hukujua.

Usiende. Ukisema ni mimi niliyekwambia, watanifukuza siku hiyo hiyo. Fanya utakavyo.

Pilipili

Mei 11

Wifi,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nimekaa. Kisha nikaenda kwa Mkuu nikamwambia nimeingiwa na shaka. Akauliza shaka gani. Nikasema rangi hazijakaa sawa. Akavua kofia, akaivaa, akasema, “Lakini ulinihakikishia.” Usiku ule amepewa mwenzangu wa meza ya dirishani, amekwenda kupima kundi la karibu ambalo kila mtu analijua.

Sikukutaja, wala sitakutaja. Uthibitisho sikuuhitaji. Umesema ni mkono wako, na mkono wa mtu anaujua mwenyewe.

Mama aliuliza mbona begi limefunguliwa. Nilimwambia kuna jambo ulilonionyesha, likaniepusha na aibu. Jambo lenyewe sikumwambia. Alijifunga kanga vizuri, akatoka kwenda kwa majirani.

Yale mengine uliyoyaandika nimeyasoma pia. Ungeweza kuniacha niende, na hukuniacha. Asante kwa hilo.

Koti limerudi sandukuni.

Miwani

Juni 28

Wifi yangu,

Sanduku limefunguliwa jana asubuhi. Najua na huko mmepata orodha. Najua umekimbilia kipande kile kabla ya vingine vyote, kama nilivyokimbilia mimi.

Hakuna mbegu pale.

Nilidhani nimesoma vibaya. Mtunza Sanduku akasoma tena pamoja nami, akaniuliza kwa nini nahangaika na kipande kimoja tu, nikamwambia kichwa kinaniuma. Mbegu zangu zote zenye ukucha zimeangukia kwingine. Pale Mtunza Sanduku hakumwaga kitu. Pale pana mbingu.

Picha ilikuwa ukutani muda wote huo, Wifi. Michoro yangu yote imo kwenye kompyuta iliyo chini yake. Kuvilinganisha ni kazi ndogo, ningeweza kuimaliza kabla ya chakula cha mchana. Sikulinganisha, kwa kuwa nilitaka liwe langu. Jana ndiyo nimelinganisha. Ukucha wako umepinda vizuri kuliko wowote niliowahi kuupinda mimi, na kwenye ncha una vinundu vidogo ambavyo sijui hata vinatengenezwaje. Kupinda kucha nilijifunza kwa kutazama anga, nikaiga. Anga ilipotoa wa kwake, nikasimama nikasema huo ni wangu. Umewahi kusikia mwendawazimu kama huyo?

Na leo mwenzangu ameniletea tangazo. Kikundi kingine, wenye darubini yao, wamelipima kundi lile lile. Liko mbali hata kuliko ulivyodhani. Majina yao yapo pale juu, yamejipanga. Nimelitafuta lako kwenye shukrani, na hata huko halimo.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Uongo. Nimechimba, umeingia wewe.

Niko tayari kumwandikia Mkuu nimwambie ni mimi. Wanifukuze. Sema neno moja tu. Au nitukane, Wifi, nitukane kwa kila tusi ulilolisikia pale nje ya bweni. Mwezi wa saba ndio huu unaingia na wewe una mkataba unaoisha, na mimi nimekaa hapa na kiti changu kibovu.

Usinyamaze, tafadhali.

Pilipili

Julai 19

Pilipili,

Mkuu usimwandikie. Mkataba umeisha, na utafutaji anauongoza yule wa meza ya dirishani. Barua yako haitanirudishia usiku ule. Itafanya tu Mama awe na watoto wawili wasio na kazi. Mwezi ujao naanza kufundisha hesabu shule ile ya nyuma ya kituo cha mafuta. Kaka yako anasema angalau sasa macho yangu yatapumzika. Anajitahidi, maskini.

Umesema nikutukane. Nimeandika, nikachana, nikaandika, nikachana. Badala yake nitakwambia kitu ambacho hukijui.

Unadhani mimi husifiwa humu ndani? Nasifiwa kwenye barua unazoletewa wewe. Mimi ninayekaa na Mama, tangu nilipoolewa, kuanzia asubuhi mpaka jioni nasikia “binti yangu”. Binti yangu hakuwahi kuunguza sufuria. Binti yangu alijua kusoma kabla hajaota meno ya pili. Kazi ya binti yangu si mchezo, hata nyota anazitengeneza. Ule mstari wa Mtunza Sanduku nilimsomea, na wa mwaka jana nilimsomea. Aliniambia nirudie, nikarudia, akaniambia nirudie tena. Alichotaka nikujibu sikukiandika. Nilimwambia karatasi imejaa, nikaenda jikoni kulia. Kila siku nimekuonea wivu katika nyumba hii, Pilipili, nikipikia kwenye sufuria zako. Na ile picha, si Mama peke yake aliyenifanya niitume. Nilitaka uione.

Kwa hiyo kwa habari ya wivu sina mdomo wa kukutukania. Kwa habari ya kundi ninao, ila sijui nitautumia lini. Pengine siku utakayokuja. Usije upesi.

Kile kikundi kimetoa picha mpya, ni safi kuliko yangu. Vile vinundu vya kwenye ncha vinaonekana wazi. Nimeikata gazetini. Sijui nitaiweka wapi.

Koti limo kwenye kifurushi hiki. Uzi wa mikononi sijaufumua, utaufumua mwenyewe.

Mama, ambaye ya Juni sijamwambia, anataka niandike yake, na leo amesema mistari yote iwe yako, soksi hakuna. Naandika neno kwa neno. Ameniwekea mkono begani ili ahakikishe.

Mama anasema: “Mwanangu, majirani wote nimewaambia. Wenzangu wana mabinti wanaopelekana polisi na mawifi zao. Wangu mimi alimwona mwenzake anakwenda kuaibika mbele ya watu, akamshika mkono akamrudisha, wala hakutaka ajulikane. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Sikuwahi kukwambia, maana mtoto ukimsifu usoni anaharibika, lakini nimezeeka, nakwambia leo. Mwanangu, najivunia wewe kuliko wote.”

Ameniambia nimsomee, nimemsomea. Akauliza kama kuna la kupunguza. Nimemwambia hakuna.

Miwani